Dogo katoka ndani, mnafanyaje asirudi tena

Naandika hii kwa mama, baba, mjomba, shangazi, dada mkubwa, yeyote ambae ana kijana yuko ndani, yani mahabusu au gerezani, sasa hivi na anajua siku moja atatoka. Mi si afisa ustawi wala mwanasheria, ni fundi aluminiamu wa Mbagala ambae mtoto wa dada yangu kaingia ndani mara mbili, na mara ya pili alivyotoka hajarudi tena, mwaka wa sita huu. Ile tofauti ya kutoka mara ya kwanza na mara ya pili nimeiona kwa macho yangu, na ukweli ni kwamba dogo mwenyewe hakubadilika sana, alikuwa yule yule na kichwa chake kigumu kile kile. Tuliobadilika ni sisi wa nyumbani.

Watu wanapenda kusema huyo ana damu ya wizi, huyo karogwa, huyo kashindikana. Mi nimeshakaa na vijana wengi waliotoka, maana ukiwa na mmoja nyumbani wenzake wanakuja tu, na ukiwauliza ilikuwaje ukarudi tena wanakutajia vitu vidogo mpaka unaona aibu, nauli, viatu, pa kulala, laini ya simu, nani alimsemesha wa kwanza siku ametoka. Aliyeniambia nilirudi kuiba kwa sababu naipenda ile kazi ni mmoja tu, na nadhani alikuwa ananitania.

Kabla hajatoka

Kosa letu la kwanza tulidhani kazi inaanza siku akitoka. Dogo alidakwa akiwa na miaka 17, simu ya watu kwenye daladala, na kwa kuwa bado mtoto kesi yake ikaenda Mahakama ya Watoto. Kwa wasiojua, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wa chini ya miaka 18 hafungwi gerezani, kuna mahabusu za watoto kama ile ya Upanga hapa Dar, ya Tanga, ya Moshi, na akikutwa na kosa anaweza kuachiwa chini ya uangalizi au akapelekwa shule ya maadilisho Irambo kule Mbeya. Huyu wetu alikaa mahabusu miezi minne afu akaachiwa kwa uangalizi. Miezi minne yote hio dada yangu alienda kumuona mara mbili, mi sikwenda hata siku moja, nilikuwa nimekasirika, nikasema mwacheni akae ajifunze.

Na kweli akajifunza. Alijifunza kwamba wanaokuja kukuangalia ndo watu wako, na waliokuwa wanamletea sabuni na mswaki walikuwa ni masela wa kijiweni, wale wale aliokuwa nao kwenye daladala siku ile wao wakachomoka yeye akabaki.

Kwahiyo la kwanza kabisa nenda kamuone, hata kama umemkasirikia nenda na hasira zako. Huhitaji kuhubiri. Mpelekee sabuni, kaa dakika zako, mwambie bibi anakusalimia, ondoka. Mara ya pili, akiwa sasa keshafika miaka 18 na kahukumiwa mwaka mmoja gereza la watu wazima, mi nilienda kila mwezi, na miwili mitatu ya kwanza alikuwa hanitazami usoni kabisa.

Ukienda, uliza vitu viwili. Cha kwanza ni tarehe, na hapa watu wengi wanapigwa chenga. Aliyefungwa mwaka hakai mwaka, ile theluthi moja inakatwa akiwa na nidhamu, yani mwaka unakuwa miezi minane, na hapo hujahesabu msamaha wa Rais ambao mara nyingi unatoka Desemba 9 siku ya Uhuru au Aprili 26 siku ya Muungano. Nimeona familia zinashtuka kijana kasimama mlangoni saa kumi jioni na mfuko wa rambo, mama yuko sokoni na godoro lake kashapewa mdogo wake.

Cha pili uliza kafungwa kwa jina gani. Usicheke. Vijana wakidakwa wanataja jina la uongo ili nyumbani msijue au rekodi ya zamani isionekane, halafu karatasi zote zinakwenda na jina hilo. Wetu alifungwa kwa jina la rafiki yake wa shule ya msingi. Tuligundua baada ya kuzungushwa sana getini tukiambiwa mtu huyo hayupo humu, na baadae likatusumbua tena kwenye mambo ya vitambulisho, nitafika huko.

Muone na afisa ustawi wa jamii, wa kata au wa manispaa, kabla ya siku yenyewe. Najua wako wachache na wana mafaili mpaka darini, lakini ukimfata wewe badala ya kusubiri akufate, unakuwa umejulikana, na siku likitokea jambo unaye mtu wa kumpigia.

Na mkae kama familia mseme atalala wapi. Chumba chenyewe, godoro lenyewe, mtaje. Mara ya kwanza tulisema "atakaa tu hapa hapa", matokeo yake alikuwa analala sebuleni na watu wanakesha na tivii, saa sita usiku anaambiwa toka kidogo tupite, wiki ya pili akaanza kulala kwa msela wake wa kijiweni ambae ana geto lake, na ukishalala geto la watu unakula cha watu na unaenda wanakoenda watu.

Kuna wanaosema mpeleke kijijini kwa bibi. Inasaidia kama kule kuna kitu cha kufanya na mtu mwenye nguvu ya kumsimamia. Kumtupa kwa bibi wa miaka 80 aliyezoea kulala saa moja, na kijana alizaliwa Temeke hajawahi kushika jembe, mnamwongezea bibi mzigo tu, atauza kuku wawili wa bibi apande basi arudi. Nimeliona hili mara mbili kwa majirani, na mara zote mbili ni kuku.

Siku ya getini

Hapa nikae kidogo maana naamini ndo palipoamua mambo.

Mara ya kwanza alivyoachiwa tulikubaliana nikimaliza kazi ya mteja nitapita kumchukua saa nane. Akaachiwa saa nne asubuhi. Masela walikuwa wapo na bodaboda, wawili, wamemletea raba mpya na tisheti, wakampakia mshikaki mpaka Tandika wakamnunulia chipsi kuku. Mi nafika saa nane na nusu naambiwa keshaondoka na ndugu zake. Ndugu zake! Ile raba sio zawadi bwana, ile ni mkopo, na wiki ya sita alienda kuulipa, ndo akadakwa mara ya pili.

Mara ya pili nilifika saa moja asubuhi nikakaa kwenye jiwe nje ya geti mpaka saa tano. Nilibeba suruali, shati, ndala na viatu. Viatu nilikosea saizi, namba 41 ndo niliyokuwa naikumbuka, kumbe mguu umekua, akavaa kwa kukanyaga kisigino kama ndala mpaka nyumbani. Alitoka anaangalia huku na huku, nadhani alikuwa anatafuta ile boda. Nikamwita jina lake la nyumbani, akageuka, na kitu cha kwanza alichofanya akachuchumaa. Pale pale barabarani, mikono magotini, anasubiri niongee. Nikamwambia inuka dogo, twende, mama kapika.

Hii ya kuchuchumaa itaendelea wiki kadhaa, kule ndani ukihesabiwa unachuchumaa, ukisemeshwa na bwana jela unachuchumaa, mwili unazoea. Atakuwa anaamka kabla ya alfajiri anakaa tu kitandani kimya. Atakula haraka amekumbatia sahani. Usimcheke na usiite watoto waje kuona.

Kwahiyo siku hio awepo mtu mzima wa familia, awahi, abebe nguo, nauli na simu ya kumpigia mama yake pale pale. Kama kazi inakubana omba ruhusa kama vile una msiba.

Wiki ya kwanza nyumbani

Msifanye sherehe na msifanye matanga. Pika chakula cha kawaida kizuri. Dada yangu mara ya kwanza alifanya kosa ambalo mama yeyote angelifanya, usiku ule alikusanya simu zote za ndani akazifungia kabatini, na ufunguo akaweka kwenye sidiria. Hakusema neno. Dogo alimuona. Aliniambia mwenyewe baadae, mjomba siku ile nilijua mimi nishakuwa mwizi mpaka kwa mama, sasa ya nini kujibana.

Lakini sisemi muwe wajinga, uache laki mezani kumjaribu, huo nao ni uchokozi. Mara ya pili tulimuita tukamwambia wazi mbele ya wadogo zake: hapa kila mtu ana kabati lake na funguo yake, na wewe hii ya kwako. Nae akapewa kufuli. Kufuli la elfu tatu. Sijui kama wengine litawafaa ila kwetu lilipunguza joto sana, maana vitu vinafungwa kwa wote, sio kwa ajili yake.

Sheria za nyumba ziwe chache na msizibadilishe badilishe. Saa ya kurudi usiku, kutoleta mtu wa kulala bila kusema, na kusema unaenda wapi. Basi. Ukimuwekea sheria ishirini anavunja ishirini, na wewe utachoka kuzisimamia siku ya tatu.

Na ile historia msiitumie kama rimoti. Kila akikosea kidogo, kachelewa kuchota maji, "ndo maana ulifungwa". Ukishasema hivo mara kumi silaha imeisha, na siku amefanya kosa la kweli huna la kusema.

Mtaa: nenda mwenyewe kabla hawajaja

Hapa wengi wanajificha kwa aibu na ndo wanaharibu. Mtaa mzima unajua katoka. Siku tivii ya mtu ikipotea jina la kwanza ni lake, hata kama alikuwa amelala na homa. Na kijana akishaona anaitwa mwizi akiiba na asipoiba, atachagua ile yenye hela.

Sisi mara ya pili, siku ya tatu tu, tulimchukua mi na mzee mmoja wa msikitini hapa jirani tukaenda nae kwa mjumbe, halafu ofisi ya serikali ya mtaa kwa mwenyekiti na mtendaji. Tukasema huyu kijana wetu katoka, kamaliza kifungo chake, anakaa nyumba fulani, anafanya kazi fulani na mimi, namba yangu hii hapa, likitokea lolote nipigieni mimi kwanza. Mwenyekiti alikuwa mkali, akampa maneno ya kutosha. Sawa tu, acha aseme, ila amemuona uso akiwa ameoga na amesimama na wajomba zake.

Faida yake tuliiona 2022, ile Septemba ya Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, ambapo mji ulichafuka, si mnakumbuka, ikawa kama marudio ya mwanzoni mwa 2015. Msako ukapita, vijana wanabebwa kwenye difenda kwa kukaa kijiweni tu. Dogo alikuwa nje mwaka wa tatu, hana jambo lolote, wakambeba nae. Mwenyekiti yule yule mkali ndo alienda kituoni kusema huyu namjua, anafanya kazi aluminiamu. Akatoka siku hio hio.

Likiwakuta na nyie, mfate usiku huo huo. Kama kosa lenyewe sio zito na hawawezi kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, anatakiwa apewe dhamana, na dhamana ya polisi ni bure, hailipiwi. Akiwa chini ya miaka 18 mzazi au mlezi anatakiwa awepo anapohojiwa, sema hivo kwa upole lakini sema. Wasaidizi wa kisheria wapo mitaani na hawachaji, tafuta namba ya mmoja leo ukiwa umetulia, usisubiri saa nane ya usiku.

Na kuna yule aliyeibiwa. Sheria imeshamaliza nae ila yeye hajamaliza. Kama anajulikana na anaishi karibu, tuma wazee, sio kijana peke yake, waende kwa adabu waombe radhi na muweke kitu hata kidogo kidogo cha kufidia. Wengine watawafukuza. Sisi tulifukuzwa nyumba moja. Nyumba nyingine baba alitukaribisha chai, akamwambia dogo uwe unapita kunisalimia, na huyo baba baadae ndo akatupa kazi ya kuweka madirisha.

Hela, hapa ndo penyewe

Kijana wa miaka 18 kutoka asubuhi mpaka jioni anahitaji hela. Nauli, vocha, maji, soda ya mwenzake. Familia nyingi zinampa kula na kulala afu zinashangaa "anakosa nini?" Anakosa buku mbili ya mfukoni. Asipokuwa nayo, kijiweni kuna mtu atampa, na hatamdai leo.

Mi nilikuwa nampa elfu tatu kila jioni ile miezi ya mwanzo, mkononi. Shemeji akalalamika unamlipa mwizi, nikamwambia shemeji piga hesabu, ile kesi ya pili, nauli za mahakamani, hela za kula za kila nikienda kumuona, siku za kazi nilizopoteza, jumlisha uone ipi ghali.

Kazi ianze wiki ya kwanza, hata ya ovyo, na iwe ya kulipwa kwa siku. Saidia fundi, kupakua mzigo, kuosha magari, deiwaka kwenye daladala (hii ya mwisho nina mashaka nayo kama ndo alikokuwa anaibia, mwepusheni). Mshahara wa mwisho wa mwezi kwa mtu aliyetoka jana ni mbali sana, mwezi ni mrefu na kijiwe kiko hapo kila siku.

Kitu ambacho kila familia inakimbilia ni kumnunulia boda au kumchukulia ya mkataba. Subirini. Boda inataka leseni daraja A, inataka hesabu ya tajiri kila siku mvua inyeshe isinyeshe, na siku ya elfu nne wakati bosi anataka elfu kumi ndo siku mtu anamwambia "nipeleke tu pale nivute pochi moja tunagawana". Pikipiki ni chombo cha kazi na pia ni chombo cha kukwapua. Mwaka mmoja wa kibarua kwanza, boda baadae akiwa na akiba na akili imetulia.

Kitambulisho sasa. Bila namba ya NIDA hasajili laini, bila laini hana M-Pesa, bila M-Pesa tajiri anaona usumbufu, anachukua kijana mwingine. Na vijana wengi wanaingia ndani kabla hawajafika 18 au hawajajiandikisha, wanatoka watu wazima wasio na karatasi. Anza na cheti cha kuzaliwa, barua ya serikali ya mtaa (hapa ndo unashukuru ulienda kwa mwenyekiti), nenda mjiandikishe. Kama alifungwa kwa jina la uongo, chukueni ushauri wa msaidizi wa kisheria mapema. Na msithubutu kufoji jina jingine tena juu ya lile, sisi tulishauriwa hivo na mtu wa steshenari, tukakataa, Mungu alitusaidia.

Kazi za ulinzi na kampuni kubwa zitataka cheti cha tabia njema cha polisi chenye alama za vidole, kwahiyo usimpeleke huko kwanza akakataliwa mara tano mfululizo. Mafundi wa mtaani hawaulizi cheti, wanauliza unajua kushika drili? Kama alijifunza kuchomelea au useremala akiwa ndani, VETA wana utaratibu wa kupima ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti, ulizia chuo kilicho karibu. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri ipo pia, mgao wake nne vijana, nne wanawake, mbili watu wenye ulemavu, lakini ni ya vikundi, na kumuingiza mtu aliyetoka mwezi uliopita kwenye deni la watu watano ni kumtafutia maadui. Iwe mwaka wa pili.

Kijiwe hakifukuzwi

Nilijaribu. Nilienda mara ya kwanza na fimbo kabisa, nikawatawanya, watu wakanipigia makofi, kesho yake wako pale pale na dogo yuko katikati anachekwa kwa ajili yangu. Kijiwe kinampa vitu vitatu: watu wanaomjua, stori, na heshima ya kuwa amepita ndani. Kwetu ile ni aibu, kule ni kama cheo, anasikilizwa na wadogo. Sasa wewe unataka aache sehemu anayosikilizwa aje kukaa na wewe mnayemuita mwizi?

Kinachofanya kazi ni kujaza masaa. Angalia ni saa ngapi hasa anaharibikiwa. Wetu ilikuwa kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku, mchana alikuwa mzima kabisa. Kwahiyo nikawa namfungisha kazi saa kumi na mbili badala ya kumi, halafu kuna timu ya mpira hapa inafanya mazoezi jioni, kocha wake nikamwambia ukweli wote, nikamwomba ampe kazi ya kubeba mipira na koni. Kubeba mipira tu. Miezi miwili yuko mtu wa kwanza uwanjani, maana koni anazo yeye, asipofika mazoezi hayaanzi.

Na kama ana deni kijiweni lilipeni, kimya kimya, mtu mzima aende. Ile raba niliyowaambia, mara ya pili nilienda kumuuliza yule msela aliyeileta unamdai kijana wangu nini, akasema elfu arobaini, nikampa elfu ishirini na ishirini nyingine wiki iliyofata mbele ya mashahidi. Hakuna aliyenifundisha, ila tangu pale yule jamaa hakumwita tena kwa mluzi usiku.

Laini mpya ya simu pia inasaidia, angalau michongo ya zamani ipate shida kidogo kumfikia.

Kama kuna unga

Kama kijana anatumia unga, yote niliyoandika hapo juu hayatashika mpaka hilo lishughulikiwe, maana mwenye arosto haibi kwa tamaa, anaiba ili asiumwe. Methadoni, dawa ya kunywa badala ya unga, inatolewa bure, Muhimbili wameanza tangu 2011, zikafata Mwananyamala na Temeke, anaenda kila siku anakunywa mbele ya muhudumu, na mara nyingi anaingizwa kupitia asasi zinazozunguka maskani za waraibu. Ni ya waraibu wa heroini, sio bangi. Hujui pa kuanzia, piga 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, haikatwi salio. Kumfunga kamba nyumbani wiki mbili atapona arosto ile ya siku zile, atatoka na atarudia, na akirudia na kipimo kile kile cha zamani wakati mwili umeshasahau, anaweza kufa.

Wale wa "arudishwe akanyooke"

Watakuwepo, na wengine ni ndugu. Marekani miaka ya 1970, pale gereza la Rahway, New Jersey, walianzisha utaratibu wa kuwapeleka watoto watukutu gerezani wakafokewe na wafungwa wa vifungo virefu ili waogope. Ukapendwa sana, ukaigwa kila mahali. Watafiti walipokuja kulinganisha na watoto ambao hawakupelekwa, waliopelekwa ndo walikuwa wanafanya makosa zaidi. Mi sishangai. Dogo alipotoka mahabusu ya kwanza alikuwa anajua kuvuta simu mfukoni, alipotoka gerezani alikuwa anajua kufungua mlango wa gari. Na ujue ngazi inayofata, akishafika 18 akashika panga akapora, huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo chake ni miaka 30. Huyo hutamsubiri getini wewe, pengine watamsubiri wajukuu zako.

Atateleza

Nakuandaa mapema. Dalili zake: kiatu kipya kisichoeleweka, analala mchana, simu inazimwa akiingia ndani, ananunulia watu soda, kocha anasema hajamuona. Ukiona moja tulia, ukiona tatu kaa nae siku hio hio, peke yenu, nje ya nyumba, na usianze na kelele.

Mwezi wa tano tangu atoke mara ya pili nilimkuta nyuma ya karakana anatafuta chaja ya simu ambayo si yake. Samsung, kioo kimepasuka pembeni. Nikamuuliza mara moja tu, akakaa kimya, halafu akachuchumaa. Nilitamani kumpiga na ile fremu niliyoshika. Nikamwambia tunairudisha saa hizi, au naita mwenyekiti, chagua. Alikuwa ameiokota, anasema, kwenye meza ya mama ntilie. Sawa, umeiokota mezani, twende meza hio.

Tumefika, mama ntilie alikuwa anaosha masufuria. Nikamweka dogo mbele, akaongea mwenyewe, sauti haitoki. Yule mama alimwangalia muda mrefu sana, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua simu akaigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma. Akauliza, "Na laini yangu iko wapi?"

Laini alikuwa keshaitupa mtaroni. Ikabidi kesho yake nimpeleke yule mama mjini kurudisha laini, na nimfidie siku ya biashara, dogo akabaki kwenye banda lake anauza wali na watoto wa yule mama wanamsimamia. Tulifika dukani tukaambiwa namba ya NIDA, mama kaiacha nyumbani, tukarudi tena Mbagala. Zile hela zote nilimkata dogo kwenye elfu tatu yake, elfu moja moja, ikachukua mwezi na siku kadhaa, na siku ya mwisho ya deni alinikumbusha yeye.